Pikipiki za kwendea kazini: kaskazi haiunguzi injini, foleni ndiyo inaiunguza

Ndugu Mhariri,

Kaskazi imeshika, na ushauri wa kila mwaka umeanza kurudi: kunyweni maji mengi, vaeni nguo nyepesi, msitoke jua likiwa kali. Ni ushauri mwema kwa mwenye hiari. Anayeamka Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta na kupanda pikipiki yake ya cc 100, 125 au 150 kuwahi kazini mjini hana hiari hiyo, na jioni anarudi kwa lami ileile iliyochomwa mchana kutwa. Tunaomba nafasi tumweleze huyo mambo ambayo sisi mafundi tunayakuta kwenye injini zinazoletwa gereji kati ya Desemba na Machi. Akiyafuata tutapungukiwa na kazi, lakini tunazo nyingine.

Tuanze kwa kulipunguzia jua lawama. Mchana wa Januari na Februari Dar es Salaam hufika nyuzi joto 32 au 33. Pikipiki nyingi tunazotumia, Boxer na TVS, zimesanifiwa India, ambako Mei na Juni miji mingi ya kaskazini hupita nyuzi 40 na watu wanakwenda nazo kazini. Injini haijali nyuzi 33. Inachojali ni upepo. Hizi ni injini zinazopozwa kwa hewa tupu: hazina rejeta, hazina feni, hazina pampu ya maji. Zile mbavu za aluminiamu zilizozunguka silinda na kichwa ndizo kinga pekee pamoja na oili, na hufanya kazi pale tu hewa inapopita katikati yake. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hewa ipo ya kutosha hata saa saba mchana. Ukisimama dakika sita Buguruni injini ikinguruma, tena nyuma ya lori linalokupulizia moshi wake wa moto, hewa haipo, na silinda inazidi kupata moto. Na wewe uliyekaa juu yake ni hivyohivyo: jasho lisipopata upepo halikauki, na jasho lisilokauka linamlowesha mtu bila kumpoza.

Kwa wanaokwenda Mbagala na Gongo la Mboto, safari ya jioni ni mbaya kuliko ya asubuhi hata kama foleni ni ileile. Upepo wa msimu huu unavuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo wakati wa kurudi, wakielekea kusini na kusini-magharibi, unawasukuma mgongoni. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, na pikipiki inayojikongoja kilomita 20 kwa saa kwenda upande uleule, maana yake mbavu za silinda hazipati hewa yoyote ingawa magurudumu yanazunguka. Ongeza kwamba pikipiki yenyewe imeshinda juani tangu asubuhi.

Basi kanuni ya kwanza ni kuzima. Ukiona askari amefunga upande wako na unajua utazidi dakika moja, zima injini. Wengi wanaogopa kwa sababu pikipiki yao ikiwa ya moto inagoma kuwaka, na hapo ndipo tunapowaambia kwamba hiyo hofu ni dalili ya ugonjwa unaotibika. Pikipiki inayowaka kwa kiki moja alfajiri na kukataa mchana ina moja kati ya mambo machache. Kama kiki imekuwa laini kuliko kawaida, valvu zimebana: chuma kikipanuka kwa joto valvu haifungi sawasawa na kompresheni inavuja. Kama kiki ni nzito ya kawaida lakini plagi inatoa moto hafifu au haitoi, koili au CDI, kile kisanduku kinachoiamuru plagi itoe moto, inachoka ikipata joto. Ikipoa nusu saa inarudi kama haikuwa na neno, na ndiyo maana fundi wa asubuhi haioni. Kama plagi imelowa na inanuka petroli, kabureta inamwaga, angalia floti na sindano yake. Injini ya moto haitaki choki. Iwashe bila choki, ukiwa umefungua mafuta kidogo sana mkononi.

Tapeti, yaani nafasi za valvu, zipimwe injini ikiwa baridi, yaani imelala usiku mzima au angalau saa kadhaa, si ile uliyoizima uliposhuka. Kipimo kimo kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za ukubwa huu kinaangukia kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kwa kawaida ya valvu ya moshi haiwi ndogo kuliko ya valvu ya hewa. Fundi atumie fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Yule anayezibana mpaka mlio wa "tik tik" unyamaze kabisa, mteja akafurahi kwamba injini imetulia, ameanza kuichoma valvu ya moshi. Mlio mwepesi wa tapeti ni afya.

Jambo la pili ni nusu klachi. Katika injini hizi sahani za klachi zinaogelea ndani ya oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Anayetambaa kwenye foleni huku ameishikilia klachi nusunusu anazisugua sahani hizo, na joto lote la msuguano linaingia kwenye oili ambayo tayari ina moto. Acha nafasi ya mita chache mbele yako ijikusanye, weka gia namba moja, achia klachi yote, nenda, kisha bana yote au rudi nyutro na usimame. Wanaokujia nyuma watapiga honi. Waache. Pleyi ya klachi kwenye mkono iwe milimita 2 au 3. Ikikosekana kabisa klachi inateleza hata usipoigusa, na dalili yake ni injini kulia sana huku mwendo hauongezeki, hasa kwenye mwinuko.

Sasa oili, ambako makosa ni mengi zaidi. Pikipiki hizi hubeba lita moja hivi, nyingine zaidi kidogo. Ikipungua robo lita, umepoteza robo ya kile kinachobeba joto kutoka kwenye pistoni. Kwa hiyo pima kila wiki msimu huu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, iache dakika tano baada ya kuzima, kisha angalia kioo kidogo cha ubavuni kama kipo. Kama ni ya kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe usome. Pikipiki nyingi kijiti huwekwa bila kukaza uzi, na ukikikaza unadanganyika kwamba oili ipo juu; kitabu kitakwambia ya kwako. Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaongeza baridi. Oili ikizidi, kranki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi. Nyingine inapandia kwenye bomba la kupumulia hadi eya klina.

Daraja linalofaa joto letu kwa nyingi za pikipiki hizi ni 20W-50, na chupani kuwe na maandishi JASO MA au MA2. Maandishi hayo ndiyo yanayosema oili hiyo ni ya klachi iliyolowa. Oili za magari, hasa zile nyepesi zinazotangazwa kupunguza matumizi ya mafuta, zimetiwa viungo vya utelezi. Zinafaa gari, ila sahani za klachi ya pikipiki zinateleza. Kuna anayebadilisha sahani mara mbili kwa mwaka na kulaumu vipuri, kumbe kosa lipo kwenye kopo. Kwa safari za foleni tunashauri oili ibadilishwe kila kilomita 2,000 hadi 3,000 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, kwa sababu pikipiki inayosimama huku injini ikinguruma inachosha oili bila kuongeza kilomita. Weusi usikutishe, oili nzuri inageuka nyeusi mapema kwa kusafisha. Harufu ya petroli ndiyo ya kutisha: hiyo mwage siku hiyohiyo na ukatazame kabureta. Na ukinunua, kagua kizibo hakijafunguliwa, kisha chupa tupu itoboe kabla ya kuitupa, isije ikarudi sokoni na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wenye pikipiki wanauomba wenyewe: kubana mafuta. Mteja anataka lita imfikishe mbali zaidi, fundi anashusha sindano ya kabureta au anaweka jeti ndogo. Mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo unaiendesha injini kwenye joto kubwa zaidi, na kwenye kaskazi hapo ndipo pistoni inapokwaruza. Matokeo hayohayo yanaletwa na raba ya kati ya kabureta na silinda ikipasuka, kwani injini inavuta hewa ya pembeni. Kuijua ni rahisi: pikipiki ikiwa imesimama huku injini ikinguruma, pulizia maji kidogo ya sabuni kuzunguka raba hiyo, mlio ukibadilika, pana ufa. Plagi nayo inasema. Ichomoe baada ya safari ya kawaida, injini ikishapoa. Ncha ya rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi, nyeupe kama chokaa maana yake inaungua kavu na unaelekea kubaya. Gepu ya plagi nyingi hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukitumia NGK, kumbuka namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, lakini usiruke kwenda namba ya juu kwa kubahatisha. Plagi baridi mno inajaa masizi kwenye foleni, na kama mchanganyiko ni mkavu haitaurekebisha.

Petroli ya chupa za barabarani, ambayo hujui imechanganywa na nini, iache. Mafuta ya taa yakiingia ndani yake injini inagonga inapopanda mlima, na kugonga kule ni mwako unaotokea bila mpangilio na kuongeza joto juu ya pistoni. Wala usijaze tangi hadi mdomoni. Petroli hupanuka karibu sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Tangi la lita 11 lililojazwa pomoni na kuachwa juani likapanda nyuzi 20 linadai nafasi ya glasi ya chai, kama mililita 200, na nafasi hiyo isipokuwepo petroli inatoka kwenye mfuniko na kutiririkia injini. Acha vidole viwili. Halafu angalia kitundu cha hewa kwenye mfuniko: kikizibwa na vumbi, petroli haishuki, pikipiki inakata pumzi baada ya kilomita chache na kuwaka tena ukishafungua mfuniko. Ukisikia "fuuu" unapofungua, umepata jibu.

Mbavu za silinda ziwe wazi. Ni kichekesho kwamba raba na vipande vya turubai ambavyo watu hufunga kwenye bampa ya mbele wakati wa masika, vizuie tope lisirukie miguu, vinaachwa hapohapo mpaka Februari. Vinazuia tope kweli, na vinazuia upepo vilevile. Viondoe. Tope lililokauka katikati ya mbavu ni blanketi. Lisugue kwa brashi laini na maji ya sabuni injini ikiwa imepoa. Mashine ya kuoshea yenye presha usiielekeze kwenye kabureta, beringi za magurudumu wala swichi.

Je, ikishapata moto kupita kiasi utaijuaje? Nguvu inapungua ghafla, inagonga kama sarafu ndani ya kopo, gia zinakuwa ngumu, nyutro haishiki, na unasikia harufu ya oili inayoungua. Usisubiri ufike. Ingia pembeni kwenye kivuli, zima, iache dakika 20 hadi 30. Usiimwagie maji. Kichwa ni aluminiamu na ndani ya silinda nyingi kuna slivu ya chuma, lile bomba ambamo pistoni inapanda na kushuka. Vyuma hivyo havisinyai sawa, na baridi ya ghafla inapinda kichwa au kupasua mbavu. Ikishapoa pima oili kwanza. Kiki ikikataa kushuka usiilazimishe, pistoni imenasa, tafuta usafiri wa kuibeba.

Tairi zinastahili aya yake. Kwa pikipiki nyingi za aina hii upepo ni paundi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukibeba abiria; namba halisi zipo kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, au kwenye mfuniko wa cheni. Wapo wanaodhani wakati wa joto upunguze upepo ili tairi isipasuke. Ni kinyume chake. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila inapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linaloachanisha kiraka na tyubu. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, kwa geji ndogo ya mkononi. Kidole gumba hakijui tofauti ya paundi 18 na 28. Tairi iliyokwisha kwenda ikapata joto itasoma paundi mbili au tatu zaidi, usizitoe. Kiraka cha gundi baridi kilichowekwa haraka kando ya barabara kifanyiwe kazi upya kwa kuchomwa. Na mishikaki, abiria wawili nyuma ya dereva, ni kosa kisheria hata Julai. Januari ni kuitafutia tairi ya nyuma mlipuko.

Mengine kwa kifupi. Cheni ilegee milimita 25 hadi 35 katikati, ipakwe oili ya gia namba 90 jioni ikiwa bado ina joto ili ipenye, si asubuhi unapoondoka ikakurukia suruali. Betri ya maji ikaguliwe kila wiki mbili, iongezwe maji yaliyotoneshwa hadi alama ya juu, kamwe isiongezwe asidi. Ikimaliza maji haraka kuliko kawaida, pima chaji, na ikipita volti 15 regyuleta imekufa. Kwa pikipiki za umeme zinazoanza kuonekana mitaani, ukifika usichomeke chaja papo hapo: betri za lithiamu hazitaki kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, ziache kivulini kwanza.

Tuje kwa mpandaji, na hapa tutawaudhi baadhi ya ndugu zetu wa vijiweni. Lile jaketi zito la baridi linalovaliwa kinyumenyume, zipu mgongoni, ili "upepo usiingie kifuani", halizuii nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu. Jaketi hilo lina maana yake saa kumi na moja alfajiri. Saa saba mchana, kwenye hewa yetu yenye unyevu, linafungia jasho, na mtu analowa bila kupoa. Wala dawa yake si kuvaa singlendi. Ngozi iliyo wazi inaungua kwa jua, na ukianguka lami inaichuna. Kinachofaa ni shati la pamba la mikono mirefu, pana, la rangi ya mwanga, au jaketi la nyavu lenye vikinga vya viwiko kwa anayeweza kulinunua. Suruali ndefu nzito kidogo, viatu vya kufunika kifundo na glavu nyepesi. Pikipiki inapotembea, hewa ya nyuzi 32 inapita kwenye kitambaa chenye jasho na kukipoza vizuri.

Jua lenyewe lina upande wake, na upande huo unategemea unakotoka. Wa Mbagala asubuhi anaelekea kaskazini, jua la mashariki liko kulia kwake. Jioni anaelekea kusini, jua la magharibi liko kulia tena. Mkono wake wa kulia, ule wa kushikilia mafuta ambao hauwezi kuuficha, unachomwa mara mbili kwa siku. Wa Tegeta ni kushoto, asubuhi na jioni. Wa Kimara ana balaa jingine: asubuhi jua linamwingia machoni anapokwenda mjini, na jioni linamjia tena usoni kwa kushoto. Huyo anahitaji kioo cha kofia ngumu kisicho na mikwaruzo kuliko anavyohitaji kitu kingine chochote, kwa sababu kioo kilichokwaruzwa kikipigwa na jua la chini kinageuka ukuta mweupe. Kukifungua si suluhisho, vumbi na wadudu wanangoja.

Kofia ngumu usiilegeze mkanda kwa sababu ya joto. Ikilegea inatoka kabla kichwa hakijagonga. Vaa kitambaa chepesi cha pamba ndani, kifue kila siku. Usiitundike kwenye bomba la moshi la moto wala kuifuta kwa petroli, sponji ngumu ya ndani inayookoa fuvu inaharibika bila kuonekana kwa nje. Na bomba hilo, ambalo kwa nyingi liko kulia, ndilo linaloacha alama kwenye vigimbi vya abiria: ashukie kushoto. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Maji: nusu lita kabla ya kuondoka, na chupa nyingine ya kunywa kila unapozima kwenye foleni ndefu. Kwa safari ya saa moja maji matupu yanatosha. Anayeshinda barabarani anapoteza na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinamrudishia, isipokuwa mwenye kisukari aulize daktari wake. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, lisindikize na karanga za chumvi. Mwenye kutumia vidonge vya presha vya kukojoza naye aulize. Ukianza kuumwa kichwa, kuona kichefuchefu au misuli kukaza, umechelewa kusimama: tafuta kivuli. Ukimwona mwenzako anaongea ovyo, anayumba, ngozi ina moto mkali, hata kama bado anatoka jasho, hiyo ni dharura. Mtoe juani, mvue kofia na jaketi, mmwagie maji mwilini na kumpepea, weka vya baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya juu, piga 112 au mkimbize hospitali. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote.

Barabara nayo inabadilika. Lami kwenye makutano ambako malori husimama, kama Barabara ya Mandela, inalainika mchana na kutengeneza mifereji miwili ya magurudumu yenye kingo. Vuka kingo hizo kwa kuzikata, usiambae nazo. Katikati ya mifereji ndipo dizeli na oili zinapodondokea. Mvua ya kwanza baada ya wiki kavu inaziibua, na dakika 15 za mwanzo lami inateleza kuliko itakavyoteleza mvua ikishaiosha. Ngojea kituoni, kazi haitakimbia.

Sasa, Mhariri, yapo yasiyo mikononi mwa mwenye pikipiki, na hayo tunawaelekezea waajiri na manispaa. Ofisi nyingi mjini zina kivuli cha magari, pikipiki zinapangwa juani kando ya geti. Mpaka kivuli kipatikane, mwenye pikipiki achague ukuta. Desemba hadi Februari jua la adhuhuri liko kusini mwetu, hivyo kivuli kinaangukia upande wa kaskazini wa jengo, ila kidogo: ukuta wa mita 10 katikati ya Januari unatoa mita mbili na nusu hivi. Mapema Machi jua linapita utosini na saa sita na nusu hakuna upande wenye kivuli. Kwa anayetoka kazini saa kumi na moja, bora ni ukuta wa mashariki: pikipiki inachomwa asubuhi, kisha inapoa saa nne nzima kabla ya safari.

Kujenga banda si gharama ya kutisha. Nafasi ya magari mawili, mita 5 kwa 5, inabeba pikipiki 12 kwa safu mbili zinazotazamana, kila moja ikipewa sentimita 80. Nguzo za mita 2.5, pande wazi, na juu yake neti ya kivuli ileile wanayotumia wakulima wa mboga, kwa kuwa bati tupu linageuka tanuri. Neti ishuke upande wa magharibi, jua la alasiri linaingia kutoka huko. Na kwenye taa za barabarani, Puducherry nchini India mwaka 2024 walitandika nyavu za kijani juu ya mahali pikipiki zinaposimama kusubiri taa. Ubungo na Tazara, njia za chini ya madaraja ya juu bado zina taa, na wanaosimama pale saa nane mchana ni mamia. Nguzo zipo tayari, za taa zenyewe. Mhandisi wa manispaa apime kama zinabeba uzito wa neti na upepo wa kaskazi, na kama hazibebi atuambie zinahitajika za namna gani.

Ni sisi mafundi pikipiki,
Manzese, Dar es Salaam